Mtu Mmoja Si Chama

Fidla ya pili haina wimbo. Anayetaka kubisha aende akamsikilize Bonaventure akifanya mazoezi peke yake, kama walivyomsikia majirani zake wa karibu na stesheni kwa miaka kumi na miwili. Wenzake wanapokuwepo, fidla ya kwanza inaimba, selo inakoroma chini, alto, ile fidla kubwa kidogo, inajaza katikati, na fidla ya pili inapita humo ndani bila mtu kuiona. Lakini wenzake wasipokuwepo kinachobaki ni vipande vipande: noti tatu, kimya, noti mbili zilezile tena, kimya kirefu, kisha mbio fupi isiyofika popote. Mama mmoja wa jirani aliwahi kumwuliza kwa upole kabisa, "Papa Bonaventure, hii wimbo yako, mwanzo yake iko wapi?" Bonaventure akamjibu kwamba mwanzo anao Théophile.

Na Théophile wakati huo alikuwa ameshahamishiwa Elisabethville, na karatasi za mwanzo alikuwa nazo yeye.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa lao, na lilikuwa kosa la watu waadilifu. Chama cha Muziki cha Mtakatifu Sesilia kilianzishwa mwaka 1952 katika mji ambao vibao viliuita Albertville na midomo ya watu ikauita Kalemie, na Padri Damien aliyewafundisha alikuwa na sheria moja kali kuliko amri kumi. Kila mtu anakili sehemu yake kwa mkono wake, aitunze, na asiguse sehemu ya mwenzake. Kucheza sehemu ya mwenzako, alisema, ni kumtoa kwenye kiti chake. Kitabu kikubwa chenye sehemu zote pamoja alikuwa nacho Padri mwenyewe, na alipougua na kurudi kwao mwaka 1961 kikaenda naye sandukuni, pamoja na soksi zake. Hakuna aliyekumbuka kumwuliza. Walikuwa wanne, kila mmoja na karatasi zake kwapani, na hawakufikiri kwamba watu wanne wanaweza kutawanyika.

Zamani chama hicho kilikuwa kitu, msikidharau. Kila mwaka tarehe ishirini na mbili Novemba kilifanya onyesho katika ukumbi wao wa matofali juu ya bandari, na hakikujionyesha chenyewe tu. Kiliwaita wapigaji wa mkoa mzima: mpiga klarineti kutoka Manono, aliyefika kwa treni na koti lililojaa vumbi la bati, kwaya ya mafundi wa saruji kutoka Kabimba, iliyoshuka melini ikiimba tayari, mwalimu mmoja wa Ankoro aliyejifunza kinanda kwa kupigia kwenye meza. Wageni walilala katika nyumba za wanachama. Wengi walilala kwa Bonaventure, kwa sababu mkewe Martine alipenda wageni na Mungu hakuwajalia watoto wa kujaza vyumba. Martine alifariki mwaka 1958. Wageni waliendelea kulala pale hadi vita vilipokata njia, na baada ya hapo Bonaventure akawa na vitanda vitano na mwili mmoja.

Tuseme wazi: alikuwa mpweke kupita kiasi. Mchana alikuwa stesheni akipokea vifurushi, na kwa kuwa treni ilikuja siku ambayo ingependa kuja, kazi yake kubwa ilikuwa kufuta vumbi kwenye mizani. Jioni alikula, akaosha sahani moja, akatoa fidla. Alipofika kwenye vimya vyake alihesabu kwa kiatu, na humo kichwani alimsikia kila mwenzake akiingia mahali pake. Hiyo ndiyo ilikuwa familia yake.

Wa kwanza kuondoka baada ya Padri alikuwa Onésime wa selo. Onésime alikuwa karani wa bandari, mtu mnene mwenye kicheko cha kushtua kuku, mzaliwa wa Ankoro. Alipanda treni kwenda kumwona mama yake mgonjwa baada ya onyesho la 1961, akasema atarudi kabla karatasi zake hazijaliwa na mende. Hakurudi wala hakuandika. Kisha Théophile akapewa uhamisho. Onyesho la 1963 walilicheza wawili, Bonaventure na Salomon wa alto, sehemu mbili za katikati bila juu wala chini, na wasikilizaji wakapiga makofi ya huruma. Mwezi wa sita mwaka 1964 waasi walipoingia mjini, Salomon alipakia wanawe na alto yake kwenye boti akavuka ziwa kwenda Kigoma. Bonaventure alibaki kwa sababu hakuwa na wa kumpakia.

Mwezi wa nane serikali ikaurudisha mji. Mwezi wa kumi Michel, karani wa komini, ofisi ya serikali ya mji, akaja stesheni, akavua kofia, akakaa juu ya mizani.

Michel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alikuwa ametumwa. "Papa Bonaventure," alisema, "komini inatafuta fasi ya kuweka magunia ya unga. Ukumbi yenu njo kubwa, na paa yake iko nzima."

"Ukumbi ni wa chama," Bonaventure akasema.

"Chama iko?"

"Iko."

Michel akatoa karatasi. Zilikuwa sheria za chama chenyewe, zilizoandikishwa komini tangu 1952, na kwa bahati mbaya mwandiko ulikuwa wa Bonaventure, katibu. Kifungu cha saba kilisema onyesho la mwaka huanza kwa wito wa majina. Kila mwanachama huitikia si kwa mdomo bali kwa kupiga noti moja kwenye chombo chake. Wakiitikia chini ya wawili, chama kimekufa, na ukumbi unarudi kwa komini. *Mtu mmoja si chama.* Padri Damien alitaka maneno hayo yaandikwe hivyohivyo, Bonaventure akayaandika kwa wino mweusi na mapambo kwenye herufi ya kwanza, akiwa kijana mwenye marafiki.

"Ishirini na mbili Novemba ni siku ya Mungu," Michel akasema. "Nitakuja kuhesabu. Mukiitika wawili, mimi mwenyewe nitaandika kama chama iko hai, na magunia watayatafutia fasi ingine. Ninakuapia."

Basi Bonaventure akaandika barua. Aliandika Kigoma, Elisabethville, Ankoro, Manono. Mwanachama mpya asingefaa, kwa kuwa anayeingia leo huhesabiwa mwaka unaofuata. Alihitaji jina lililokuwa tayari daftarini. Kwa hiyo alimwandikia hata Noëlla.

Habari ya Noëlla inabidi niieleze, kwa sababu yote yaliyotokea baadaye yalipitia mlango huo. Mwaka 1957 alifariki mzee Télesphore, mpiga filimbi wa chama. Kwenye onyesho lililofuata katibu aliita jina lake kwa mazoea, akatambua kosa, akataka ardhi immeze. Ndipo binti yake, Noëlla, akasimama na filimbi ya baba yake na kupuliza pumzi moja mbaya isiyokuwa noti yoyote. Ukumbi mzima ulilia. Kesho yake wakaongeza kifungu cha nane: aliye hai na hayupo, haitikiwi na mtu, lakini kiti cha marehemu huweza kuitikiwa na mtu wa nyumba yake, na itikio hilo huhesabiwa.

Noëlla alikuwa ameolewa Manono. Barua yake ilirudi baada ya wiki tatu, imekunjwa kama ilivyokwenda, ina alama ya kiatu. Za wengine hazikurudi wala hazikujibiwa.

Ikabaki siku mbili tu, na hapo Bonaventure akamkumbuka mke wa Onésime. Nasema akamkumbuka, lakini huo ni uongo wa adabu. Alikuwa anamfikiria tangu Michel aketi juu ya mizani.

Mama Emérance aliuza ndakala wakavu, dagaa wa ziwa lile, kwenye soko dogo chini ya ukumbi. Miaka yote ya mazoezi alikuwa pale chini, na mumewe alipokuwa juu akikoroma na selo yake alikuwa akiwaambia wateja, "Munasikia? Ile njo bwana yangu, anakata mbao." Selo ilibaki nyumbani kwake. Ilisimama kwenye kona ya chumba cha mbele, imefungwa blanketi la kijivu, na mgeni asiyejua angedhani ni mtu aliyeadhibiwa.

Bonaventure alifika Ijumaa jioni, akapewa kiti na chai. Alizunguka sana. Alisema habari za treni, akasema bei ya ndakala, akakohoa.

"Mama Emérance, nilikuwa ninaomba selo. Kwa siku ya Mungu tu. Niiweke kwenye kiti yake, watu waione."

Yeye akamtazama, akageuka kuitazama ile kona. "Kuiona tu?"

"Kuiona tu."

"Shemeji," alisema, "mimi nilikuwa pale wakati yule binti wa Télesphore alipuliza filimbi. Nilikuwa nimebeba kitoto mugongoni. Sheria yenu ninaijua."

Bonaventure alihisi uso wake mwenyewe ukiwaka kwa aibu. Alikuwa amejidanganya njia nzima kutoka stesheni kwamba anakuja kuomba mbao na nyuzi.

"Bwana yangu iko Ankoro," Mama Emérance akasema, taratibu, kama anayesomea mtoto. "Mama yake ni mugonjwa. Barabara ni mbaya. Siku barabara itatengenezwa, atakuja, atataka selo yake, nayo itakuwa hapa. Kunywa chai yako."

Alikunywa. Ilikuwa imepoa, na aliimaliza yote kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mdomo wake. Akarudi nyumbani akijichukia, na usiku ule hakugusa fidla.

Jumapili baada ya misa alifagia ukumbi. Akapanga viti vinne mbele, kama siku zote, na cha tano kando, cha filimbi. Saa kumi watu walianza kuingia, wale wachache: walimu wawili, mafundi wa bandari, wanawake wa sokoni, mzee aliyekuja kwa kuwa mwaka 1955 walitoa biskuti. Alihesabu ishirini na sita. Michel alikaa pembeni, karatasi kwenye goti, akatazama saa yake kwa namna ya mtu anayetamani saa imdanganye.

Bonaventure alisimama, fidla mkono wa kushoto, daftari mkono wa kulia. Alikuwa amevaa koti lake jeusi la maonyesho, ambalo sasa lingetosha watu wawili wa mwili wake.

"Théophile, fidla ya kwanza," aliita.

Wito huo una adabu yake: baada ya kila jina unangoja muda wa pumzi tatu. Aliwahi kuona ni muda mfupi sana. Ziwa lilisikika chini, likipiga mawe ya gati.

"Salomon, alto."

Mtu akakohoa.

"Télesphore, filimbi, na nyumba yake."

Hakuna.

"Bonaventure, fidla ya pili." Akaweka daftari chini, akainua upinde, akajiitikia mwenyewe. Noti yake ilikuwa safi. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya.

Lilibaki jina moja. Selo huitwa mwisho kwa kuwa ndiyo msingi, na Bonaventure alisimama akilitazama jina hilo daftarini muda mrefu kuliko pumzi tatu, kwa maana alijua akishaliita na kusikia kimya, basi kwisha.

"Onésime," alisema. "Selo."

Pumzi ya kwanza. Ya pili. Michel alifungua kalamu.

Kishindo cha miguu kilitoka mlangoni. Mama Emérance aliingia akiwa ameinama, selo mgongoni ndani ya lile blanketi la kijivu, amelifungia fundo kifuani, kama anavyobebwa mtoto mkubwa mgonjwa. Kilemba chake kilikuwa cheusi. Wanawake wa sokoni walikiona kabla ya kuona selo, na mmoja wao akashika mdomo. Akapita katikati ya viti, akafika mbele, akafungua fundo, akaishusha selo na kuiegemeza kwenye kiti cha mumewe. Vumbi lilitoka.

Michel alikuwa amesimama. Sheria ilimtaka aulize, na maskini hakuweza kuikwepa. "Mama," alisema, "kifungu cha nane kinasema… Papa Onésime njo marehemu?"

"Usijibu!" Bonaventure alipaza sauti. Hakuwahi kupaza sauti katika ukumbi ule. "Mama Emérance, acha. Usiitike. Magunia yaingie, unga uingie, mimi sitaki. Chama kife. Mimi ninakuomba."

Na alikuwa anasema kweli. Kwa miezi miwili alitaka kitu kimoja tu duniani, ukumbi huu ubaki, ili siku moja wanne wale wapate pa kurudi. Na sasa alipokiona kinanunuliwa kwa kitu gani, alikitupa bila kufikiri. Lakini Mama Emérance hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatafuta nyuzi. Hakujua ipi ni ipi, akachagua ile nene kuliko zote, akaivuta kwa kidole gumba kilichokatwakatwa na miba ya samaki, akaiachia.

Uzi ulikuwa umelegea miaka mitatu. Ulitoa sauti ya chini, iliyochakaa, iliyotetemeka vibaya juu ya mbao na kukaa hewani zaidi ya walivyotegemea. Haikuwa noti.

Michel aliandika *wawili*. Kisha akaketi na kujifuta uso kwa kofia.

Bonaventure alilazimika kucheza. Mama Emérance alikuwa ameketi kwenye kiti cha Théophile, blanketi mapajani, akingoja kama mtu aliyelipa nauli. Kwa hiyo akacheza fidla ya pili, sehemu yake na hiyo tu: noti tatu, kimya, noti mbili, kimya. Angeweza kuiba wimbo wa Théophile kwa masikio, aliujua kama jina lake, watu wangefurahi. Hakufanya hivyo. Alifika katikati, mahali ambapo fidla zote na alto hunyamaza na selo hubaki peke yake kwa vipimo kumi na sita. Akashusha upinde, akahesabu kwa kiatu.

Miaka mitatu, kila jioni, alipofika hapo alimsikia Onésime, na ile pumzi nene ya puani aliyovuta kabla ya kuanza. Alisikiliza. Moja, mbili, tatu, nne. Kilisikika kiatu chake tu juu ya mbao. Nane, tisa. Watu hawakujua wafanye nini. Wengine walidhani amesahau. Aliendelea kuhesabu, machozi yakimwingia mdomoni, hakuna aliyekuja, na kwenye kipimo cha kumi na saba aliinua upinde akaendelea na sehemu yake mpaka mwisho.

Makofi yalikuwa machache. Watu walitoka kimyakimya, kila mmoja akimgusa Mama Emérance begani. Wakabaki wawili na viti.

"Tangu lini?" Bonaventure aliuliza.

"Mwaka jana, mwezi wa tano. Mukatekista mumoja alitoka Ankoro kwa miguu, akanikuta sokoni. Bwana yangu na wenzake walikuwa katika mutumbwi, kwenye muto ya Luvua. Walipigwa risasi kutoka ngambo." Alisema bila kuinua macho. "Nilimupa ndakala za njiani, nikamuambia asiseme kwa muntu. Nilitaka kubaki mwanamuke anayengoja bwana yake. Yeye wanamuuliza habari kila asubui. Mujane, wanamuuliza siku tatu, kisha wanauliza bei ya samaki."

"Kwa nini leo, basi? Kwa ajili ya ukumbi? Mimi sikustahili."

"Ijumaa, ulipoenda, niliona umemaliza ile chai ya baridi," alisema. "Nikasema, huyu naye anamungoja. Anamungoja peke yake kule stesheni, na mimi ninajua, na ninamuacha angoje. Haiko vizuri."

Bonaventure alichukua daftari, na mbele ya jina la Onésime akaandika, kwa mwandiko ule wa zamani lakini bila mapambo: *marehemu, ameitikiwa na mkewe*.

Mama Emérance alikunja blanketi mara nne. Selo aliiacha kwenye kiti. Alipofika mlangoni akasimama.

"Shemeji. Pale katikati uliponyamaza muda murefu, ulikuwa umepotea?"

"Hapana, Mama. Pale njo Onésime."

"Njo murefu vile?"

"Vipimo kumi na sita."

"Nilikuwa ninamusikia toka sokoni, sikujua alikuwa peke yake," alisema. "Mwaka kesho usipapunguze."

Akashuka kuelekea sokoni, blanketi kwapani. Bonaventure akaanza kurudisha viti ukutani, kimoja kimoja, akaanza na cha Théophile.